Bomba la Kelele: Faini Haimaliziki kwa Rulaji, Inamalizika Garaje



Katika mikutano ya likelemba ya hapa Lubumbashi kuna neno linalorudi kila mara pesa zinapochelewa: "Rulaji wamekamata pikipiki." Ukiuliza sababu, mara ni asiranse, mara ni permi, na siku hizi mara nyingi ni bomba la moshi. Kijana amekata silansie, kile kifaa cha nyuma kinachopunguza sauti ya injini, au amefunga bomba lingine la sauti kubwa. Askari amemsikia kabla ya kumwona, na jioni ile mama hana cha kuweka mezani.

Tunaongea juu ya jambo hili juma hili kwa sababu pikipiki nyingi za vijana wetu, wale tunaowaita manseba, zilinunuliwa na mama. Ni pesa za likelemba, za makala, za unga, za mboga. Pikipiki ikilala kwa polisi, minervali ya watoto inalala nayo.

Tumeona wamama wengi wakishughulikia faini nusu tu. Wanakimbia kutafuta pesa, wanalipa, wanatoa pikipiki, wanashukuru Mungu. Kumbe bomba ni lile lile. Mama mmoja wa kikundi chetu cha commune ya Kenya alilipa mara tatu katika mwezi mmoja, kwa pikipiki moja na kosa moja, kwenye vituo vitatu tofauti. Mara ya tatu aliuliza, "Kwani si nilikwisha kulipa?" Ndiyo, mama, ulilipa. Lakini askari wa kituo cha pili hakuona malipo yako. Alisikia bomba. Faini ya bomba la kelele isipofika garaje, haijaisha.

Kwa nini wanakamata

Wengine wanafikiri kosa hili limebuniwa na askari wenye njaa. Hapana, sheria ipo. Barabara zetu zinaongozwa na Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile inayoitwa Code de la Route. Mwaka mmoja kabla yake, 1977, nchi yetu iliingia katika mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 kuhusu mwendo wa barabarani. Mapatano hayo, katika nyongeza yake ya 5, yanataka injini ya gari iwe na kizuia sauti kinachofanya kazi vizuri. Si sheria ya hapa kwetu peke yake. Nchi nyingi za dunia zinakataza kutoboa, kukata au kuondoa silansie.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Kila mlipuko ndani ya injini unasukuma nje moshi wa moto kwa nguvu. Ndani ya silansie mna vyumba na vibomba vyenye matundu. Sauti inapita humo, inagonga huku na huku, na inatoka ikiwa imechoka. Ukikiondoa kifaa hicho, mlipuko unatoka wote kama ulivyo.

Anayeumia kwanza ni mwendeshaji mwenyewe. Taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatika nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Huna kifaa cha kupimia? Simama karibu na pikipiki inayonguruma, na mwenzako asimame umbali wa mkono mmoja. Kama mnapaswa kupaza sauti ili msikilizane, kelele imekwisha kufika penye hatari. Kijana anayefanya kazi juu ya bomba kama hilo kutwa nzima anauza masikio yake kidogo kidogo, na sikio likifa halifufuki.

Siku ya kukamatwa

Tuseme wamemsimamisha. Afanye nini? Haya tumeyakusanya kwa wamama waliopitia njia hiyo na kwa watu wanaojua sheria.

Kwanza, azime injini, avue kofia, asalimu. Kelele ya bomba imetosha, isiongezwe kelele ya kinywa. Kijana anayebishana barabarani huanza na kosa moja na kumaliza na matatu.

Pili, aulize kwa heshima: "Shefu, kosa langu ni lipi?" Asikie jina la kosa. Kama ni bomba peke yake, ni kosa moja. Kama ni bomba pamoja na asiranse na permi, ni matatu, na kila moja lina njia yake ya kurekebishwa. Wamama wengi wanaitwa kwenye simu na kuambiwa tu "wamenikamata". Mama, uliza kosa kabla ya kuuliza bei.

Tatu, aombe PV. Hiyo ndiyo karatasi ya polisi inayoandika tarehe, mahali, namba ya pikipiki, kosa, na jina la aliyeandika. Aisome kabla ya kutia sahihi. Kama Kifaransa kinamshinda, aombe mtu amsomee. Kama ana neno la kusema, kwa mfano kwamba bomba ni lile lililotoka kiwandani na limetoboka kwa kutu jana, aombe neno hilo liandikwe.

Nne, kama pikipiki inapelekwa kwenye uwanja wa polisi, aandike vitu vilivyo juu yake: vioo viwili, betri, kiasi cha mafuta, kilometa zinazosomeka. Apige picha ya pikipiki yake, si ya askari. Aombe karatasi inayoonyesha kwamba imepokelewa. Na wewe mama usingoje mwisho wa juma. Chombo kikikaa, gharama ya kukilinda inaweza kuongezeka kila siku, na kazi imesimama.

Kuhusu kulipa

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo tusome polepole.

Katika nchi yetu, faini ndogo za namna hii mara nyingi zinamalizwa bila kwenda mbele ya hakimu. Kanuni ya mashtaka ya tarehe 6 Agosti 1959, kifungu cha 9, inamruhusu afisa wa polisi wa mahakama, yule anayeitwa OPJ, kumwalika mwenye kosa alipe kiasi fulani kwenye hazina ya serikali. Kifungu hicho kinafundisha mambo matatu ambayo kila mama anapaswa kuyashika.

La kwanza, ni mwaliko. Mtu akiona hana kosa anaweza kukataa, na hapo faili inaendelea mbele, kwa mwendesha mashtaka na mahakama. Hiyo ni haki yake, lakini inachukua muda. Kwa bomba lililokatwa kweli hatumshauri mtu kufanya hivyo. Kwa bomba zima, na ushahidi wa picha, ni jambo la kufikiri.

La pili, kiasi kinachoombwa hakiwezi kupita faini kubwa kabisa iliyowekwa na sheria kwa kosa hilo, pamoja na nyongeza zake za kisheria. Bei haitungwi kwa kuangalia viatu vya mtu. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: "Ni kifungu gani, na faini yake ya juu ni ngapi?" Uliza kwa upole, lakini uliza.

La tatu, pesa zinaingia katika hazina. Haziingii mfukoni. Kwa desturi utapewa karatasi ya malipo, iliyoandikwa "note de perception" juu yake, na utalipa benki au kwa mpokeaji anayetambuliwa. Ukikwisha kulipa utakuwa na ushahidi. Malipo hayo yanafunga kesi, isipokuwa mwendesha mashtaka aamue vingine.

Tunajua mtakavyosema. "Mama, hayo ni ya kitabu. Barabarani ni lingine." Ni kweli, na si siri. Watafiti wa chuo kikuu waliofuatilia kazi ya rulaji mjini Kinshasa walitoa matokeo kwamba mapato yote ya idara hiyo yalikuwa mara tano ya yale yaliyotoka kwenye faini. Pesa nyingi zilitoka mikononi mwa madereva bila karatasi.

Lakini fikirini hesabu ya mama, si ya askari. Pesa ya mkononi haina karatasi. Kesho, kwenye njia panda nyingine, huwezi kuionyesha. Kijana akisema "nilikwisha kulipa", nani atamwamini? Tena, aliyezoea kukutoa pesa kwa sababu ya bomba hana haja ya kuona bomba limetengenezwa. Njia iliyo bora ya kumnyima sababu ni kuwa na karatasi zote na bomba zima. Hapo hata mwenye nia mbaya anapaswa kutafuta mwingine.

Garaje: nusu ya pili

Sasa tumefika penye kiini. Pikipiki imetoka. Isirudi kazini kwanza. Iende garaje siku ile ile, kabla ya mteja wa kwanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pikipiki inaleta franka 15 000 kwa siku. Ikilala kwa polisi siku nne, ni 60 000 zimepotea, kabla ya faini yenyewe. Tuseme kuchomelea silansie au kununua iliyotumika ni 30 000. Kijana anayekataa kutumia 30 000 leo anatupa 60 000 mwezi ujao, na faini juu yake. Wekeni bei za garaje yenu na mapato ya pikipiki yenu katika hesabu hiyo, mtaona wenyewe.

Kwa fundi, mambo ni manne. Mwulize kama silansie ya zamani bado ipo; mara nyingi iko palepale chini ya meza, aliihifadhi ili aiuze. Mwambie afunge pia ile gasketi ndogo kati ya injini na bomba, maana ikivuja, kelele inabaki hata silansie ikiwa mpya. Aangalie vishikizo na bolti, kwa sababu barabara zetu zenye mashimo zinatikisa bomba mpaka linapasuka. Mwisho, akupe fakture yenye tarehe na namba ya pikipiki. Fakture hiyo, pamoja na ushahidi wa malipo na picha ya bomba jipya, viwekwe katika plastiki moja na karte roze. Siku askari atakapouliza, kijana atafungua plastiki badala ya kufungua pochi.

Kuongea na kijana

Tusidhani kijana ni mpumbavu. Ana sababu zake, na mama anayempigia kelele bila kumsikiliza hatashinda kelele ya bomba. Atasema mambo matatu.

"Mama, pikipiki inapata nguvu." Mwanangu, injini ndogo ya kazi ilipimwa kiwandani pamoja na bomba lake. Ukilifungua bila kurekebisha kabureta, mara nyingi hewa inazidi mafuta, injini inachemka kupita kiasi, na vali zinachoka mapema. Unachosikia ni sauti, siyo nguvu.

"Mama, bila kelele madereva hawanioni." Hili ni jambo la uhai, tulijibu kwa uzito. Bomba linaelekea nyuma, na sauti yake kubwa inabaki nyuma. Dereva aliye mbele yako, mwenye vioo vilivyofungwa na redio, hakusikii vizuri mpaka umemfikia. Kinachokufanya uonekane ni taa inayowaka mchana, jile linalong'aa, honi, na mwendo wa kiasi.

"Mama, wote wanafanya hivyo." Hapa mama hana haja ya hoja ndefu. Pikipiki ni ya likelemba, na likelemba ina masharti yake.

Gari la familia

Msifikiri hili ni la wenye pikipiki tu. Magari mengi ya mji wetu yalitumika Japani miaka mingi, yakashuka bandarini Dar es Salaam, yakavuka Kasumbalesa. Bomba limekula kutu njiani. Wengine wanaondoa katalizeri, kile kifaa chenye madini ya thamani kama platini na paladi, na kukiuza, kisha fundi anachomelea bomba tupu mahali pake. Gari linanguruma, na rulaji wanalisimamisha. Lakini kwa mama mwenye watoto faini ndiyo hasara ndogo.

Moshi wa gari una hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Bomba likipasuka chini ya viti, hewa hiyo inapanda ndani kupitia matundu ya sakafu. Vivyo hivyo mlango wa nyuma ukiachwa wazi kwa sababu ya mizigo, gari linavuta moshi wake lenyewe. Sumu hiyo inachukua nafasi ya hewa safi katika damu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi usio wa kawaida. Watoto na mama mwenye mimba wanaathirika upesi zaidi.

Basi shikeni alama hii: kama watu wote ndani ya gari wanaumwa kichwa pamoja, na wanapata nafuu wakishuka, msiseme ni malaria. Simamisheni gari, fungueni milango, tokeni wote kwenye hewa safi. Mtu akiwa amelegea au haamki vizuri, akimbizwe kituo cha afya, na mganga aambiwe wazi kwamba alikuwa katika moshi wa gari. Gari hilo lisibebe watoto tena mpaka bomba lifungwe.

Mguu wa mtoto

Jambo lingine linaloletwa na bomba, na ambalo halimo katika PV, ni kuchomwa. Wangapi kati yetu wana alama kwenye mguu wa kuume, ndani ya ndama? Pikipiki nyingi za hapa bomba liko upande huo. Silansie ina bamba la kukinga joto. Bomba lililobadilishwa mara nyingi halina.

Mfundishe mtoto kupanda na kushuka upande wa kushoto. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi, si ya barafu, kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, mtoto atalia, endelea. Usipake dawa ya meno, mafuta ya mawese, majivu wala unga. Vinafungia joto ndani na vinaleta uchafu. Kisha funika kwa kitambaa safi. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi, au mtoto akiwa mdogo sana, nenda kituo cha afya.

Wenye watoto ng'ambo

Baadhi yetu tuna watoto waliohamia Marekani, na huko pia vijana wanapenda gari linalonguruma. Tuchukue jimbo la California kama mfano. Sheria yake ya magari, vifungu 27150 na 27151, inataka kila gari liwe na silansie na inakataza kuibadilisha ili kuongeza sauti. Gari la kawaida halitakiwi kupita desibeli 95. Kabla ya mwaka 2019 dereva aliweza kupewa karatasi ya "tengeneza": akirekebisha bomba na kuonyesha ushahidi, kesi ilifutwa kwa malipo madogo. Januari 2019 huruma hiyo iliondolewa kwa kosa hili, na faini ikaanza kutozwa moja kwa moja, lakini baadaye ilirudishwa.

Mama, mwanao akikupigia simu na habari hiyo, mwambie neno moja: asiitupe karatasi. Karatasi ile ina tarehe ya mwisho. Asipojibu kabla ya tarehe, deni linakua na matatizo mengine yanafuata. Kama Kiingereza cha mahakama kinamshinda, aombe mkalimani mapema. Kisha aende garaje, kama sisi hapa.

Kazi ya kikundi

Mama mmoja peke yake anabishana na mwanawe. Kikundi kinaweka kanuni. Tunashauri vikundi vyote vinavyonunua pikipiki kwa likelemba viongeze mistari michache katika karatasi ya makubaliano na manseba:

Bomba ni lile la kiwandani au linalofanana nalo, lenye silansie na bamba la kukinga joto. Halikatwi wala kutobolewa.

Mara moja kwa mwezi, siku ya mkutano, pikipiki zote zinawashwa mbele ya wamama. Ile inayotulazimisha kupaza sauti inakwenda garaje kabla ya kurudi kazini.

Faini ya bomba lililokatwa kwa makusudi inalipwa na manseba mwenyewe. Faini ya bomba lililochakaa inalipwa na mfuko wa kikundi, kwa kuwa pikipiki ni ya kikundi.

Kila mkutano, franka kidogo za pikipiki zinatengwa kwa matengenezo. Mfuko huo usiguswe kwa jambo lingine.

Hakuna anayelipa faini bila karatasi. Karatasi zote zinaletwa kwenye mkutano na kuandikwa katika daftari.

Tuongee pia na mafundi wa avenye zetu. Fundi anayekata silansie ya mtoto wa jirani yake kwa franka chache anajua anachofanya. Wamama kumi wakimwambia kwa pamoja kwamba hawatamletea tena kazi, atasikia. Na kama pikipiki ya jirani inaamsha watoto usiku, tusianze kwa polisi. Tumwendee mama yake kwanza. Asiposikia, twende kwa shefu wa kartie.

Juma hili tunaomba kila mama afanye jambo moja dogo: aombe kuona plastiki ya karatasi za pikipiki au gari la nyumbani kwake, kisha aombe injini iwashwe. Aangalie kwa macho, asikilize kwa masikio. Kinachokosekana akiandike, na akilete kwenye mkutano wa Jumamosi. Vikundi vitakavyokuwa vimeandika kanuni zao, tuleteeni nakala. Tutazisoma kwa wengine juma lijalo.

Mubaki na amani.